Bosi Mkali na Bosi Mwizi Si Mtu Mmoja

MUULIZE SHANGAZI WA KAZINI

Haya jamani nimerudi. Mwezi huu barua zimejaa mpaka mhariri amenipigia akasema Shangazi chagua tu, hatuna karatasi za kubeba yote hayo, basi nimechagua. Kwa wale wageni wa ukurasa huu, mimi nilikaa ofisi ya mishahara ya kiwanda kimoja upande wa Jinja miaka 22, nimeona mabosi wakija na kuondoka kama takisi za Old Park, kwahiyo nikiongea habari zao siongei vya kusikia.

*

Shangazi, mimi ni kijana wa miaka 23, nauza kwenye duka la jumla Kikuubo, hapa Kampala. Haji alinichukua kwa sababu najua Kiswahili, maana wateja wengi wanatoka Kongo na Sudan Kusini na yeye anaongea Luganda tu. Nina miezi 8 sasa, kontrakti sina. Shida sio Haji, shida ni mpwa wake tunayefanya naye kazi. Huyo anatoa mzigo anawapa marafiki zake ati watalipa Ijumaa, haandiki, halafu Haji akihesabu akikuta jerikeni za mafuta zimepungua anauliza nani alikuwa dukani, mpwa anasema ni mimi. Mwezi uliopita nimekatwa nusu mshahara kwa jerikeni 4 ambazo sijui hata zilitoka saa ngapi. Haji mwenyewe akikasirika anatukana mbele ya wateja mpaka nataka kulia. Nimwambie ukweli kuhusu mpwa wake ama niondoke? – Kijana wa Kikuubo

Mwanangu, usimwambie. Bado. Najua moyo unakuchoma lakini unajua wazee walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, na hawa watapatana tu. Ukisema “Haji mpwa wako ni mwizi” hapo umeshaitukana familia, na hata kama Haji anajua ni kweli (na mimi nadhani anajua, mfanyabiashara wa Kikuubo hawezi kukosa kujua) itabidi akufukuze wewe ili dada yake asimnunie.

Kwahiyo acha mtu, shika daftari. Nenda kwa Haji jioni moja ambayo biashara imekwenda vizuri, wakati anakunywa chai yake, sio wakati anahesabu hasara, mwambie hivi: “Haji, mimi hizi jerikeni zinanisumbua akili, naomba leo tufunge tukihesabu stoo yote sisi watatu, halafu kuanzia kesho atakayetoa mzigo bila pesa aandike jina la mteja, idadi na asaini.” Basi. Umemtaja mpwa? Hujamtaja. Umemshtaki mtu? Hapana, umeomba hesabu. Na hesabu ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote, maana bila kujua leo kuna magunia mangapi ya sukari na katoni ngapi za sabuni, hata malaika hawezi kusema nini kilipotea kesho.

Baada ya hapo kila jioni unahesabu vile vitu vinavyotembea sana tu, mafuta, sukari, mchele, usijichoshe na viberiti, unaandika, mnasaini wote wawili, unapiga picha ule ukurasa unamtumia Haji kwa WhatsApp yake, sio kwenye grupu. Mpwa akikataa kusaini usipigane naye, andika “hakusaini” na saa, tuma hivohivo. Mimi nimeona daftari la shilingi 2,000 likimaliza kesi ambayo wazee watatu walikaa kikao wakashindwa.

Sasa kuhusu ile nusu mshahara. Hapo nataka unisikie vizuri maana barua yako imeweka matusi na makato kwenye kapu moja na si kitu kimoja. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara vile anajisikia, na inasema mfanyakazi apewe karatasi inayoonyesha amepata kiasi gani na kimekatwa nini na kwa nini. Pia inasema ndani ya wiki 12 tangu uanze kazi unatakiwa uwe na masharti yako kwa maandishi, na hata kama alikuita kibarua, kanuni za 2011 zinasema ukipita miezi 4 wewe sio kibarua tena, unastahili kontrakti. Wewe una miezi 8. Sisemi uende kumsomea Haji sheria dukani, utakuwa umejichimbia shimo, lakini muombe kwa upole akuandikie kwenye karatasi kwamba amekata kiasi fulani kwa jerikeni 4 za tarehe fulani. Mtu akiambiwa aandike anachokata, mkono unakuwa mzito.

Na matusi? Mwanangu, nilikuwa na meneja mmoja, huyo baba alikuwa akikasirika anatupa faili mpaka kwenye kordo, karatasi zinaruka kama kuku, tunaokota. Aliniita majina ambayo siwezi kuandika hapa. Lakini miaka yote 6 aliyokaa hakuna mwezi hata mmoja mshahara ulichelewa, na dereva wetu alipovunjika mguu yeye ndiye alikesha naye hospitali. Alipoondoka wakatuletea mwingine mzuri, sauti kama asali, kila mtu anamuita “mwanangu”, “mama yangu”, anauliza watoto hawajambo. Huyo alituweka miezi 3 bila senti na kila Jumatatu alikuwa na hadithi mpya ya benki. Tangu hapo mtu akiniambia bosi wangu ni mbaya namuuliza kwanza, anakutukana ama anakuibia? Wa kwanza unaweza kumzoea au kumkwepa. Wa pili hapana. Haji wako nadhani ni wa kwanza anayevutwa na mpwa kuwa wa pili, mpe miezi miwili na daftari, asipobadilika hapo tafuta duka lingine, kijana anayeongea Kiswahili na Luganda na anajua kuhesabu hakosi kazi Kikuubo.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzee wa miaka 47, askari wa kampuni ya ulinzi, nalinda nyumba ya tajiri huko Ntinda. Naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi, siku 7 kwa wiki, huu mwaka wa 3 umekwisha. Mshahara 300,000 na kila mwezi nakatwa 15,000 ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni. Juzi nikaenda tawi la NSSF nikakuta pesa imeingia miezi 5 tu ya mwanzo, ile miezi 31 mingine hakuna kitu. Kumuuliza supavaiza amekuwa mkali kama pilipili, anasema mimi naleta siasa, sasa ananiambia niandike mwenyewe barua ya kuacha kazi ili anipe maneno mazuri kwa kampuni nyingine, nikikataa atanipeleka Karamoja, mbali kabisa. Huyu ndiye tunampa chai ya 10,000 kila mwezi ili asituhamishe. Nifanye nini? – Askari, Ntinda

Marahaba kaka yangu. Kwanza kabla ya yote: usiandike hiyo barua. Hata kama amekuletea kalamu. Hata kama amekuandikia yeye ukabaki kusaini tu. Barua inayosema “naacha kazi kwa sababu zangu mwenyewe” ikiwa na saini yako, siku ukifika mbele ya afisa wa kazi ukisema nilifukuzwa, mwajiri atatoa hiyo karatasi mfukoni anaiweka mezani, na wewe utaanza kueleza na kueleza. Sheria inamkubali mtu aliyelazimishwa kuondoka kama mtu aliyeachishwa, ni kweli, lakini kulithibitisha ni kazi nzito na ukishasaini unaifanya nzito zaidi. Kwa nini unadhani anaitaka sana hiyo barua? Kwa sababu wakikuachisha wao wana gharama. Mtu wa mwaka mmoja mpaka kabla ya mitano anapewa notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake. Wakisema una makosa, lazima wakuite ujieleze, na una haki ya kwenda na mtu wako mmoja unayemchagua akae pembeni asikie. Wakikufukuza bila kukusikiliza, sheria inawatoza mshahara wa wiki 4, peke yake hiyo, bado hujafika kwenye mambo mengine.

Sasa tuongee NSSF maana hapo ndipo mwizi amejificha. Tuchukue kalamu. Wewe unakatwa asilimia 5, hiyo ndiyo 15,000 yako. Mwajiri anatakiwa aongeze asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, 30,000. Jumla 45,000 kila mwezi, na inatakiwa ifike kwao kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Miezi 31 mara 45,000 ni shilingi 1,395,000. Banange! Na katika hizo, 465,000 ni jasho lako wewe kabisa, zimetoka kwenye mshahara wako zikaenda mahali pengine. Wala wasikudanganye kwamba wao ni kampuni ndogo, sheria ya NSSF ilibadilishwa 2022 na sasa hata mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kulipa.

Rudi tawi la NSSF ukiwa na karatasi zako za mshahara zinazoonyesha makato (kama hawatoi karatasi, chukua meseji za mobile money au taarifa ya benki), waambie unataka kulalamika kwamba mwajiri hapeleki. Wana watu wao wa kufuatilia, na mwajiri akifuatwa anafuatwa kwa wafanyakazi wote, kwahiyo huonekani ni wewe peke yako. Kama mko askari 10 wenye shida hiyohiyo nendeni 10, kwa mtu mmoja supavaiza atasema siasa, kwa watu 10 atatafuta kiti akae.

Halafu yale masaa. Masaa 12 mara siku 7 ni masaa 84, sheria inaongelea 48 kwa wiki, na kila wiki mtu apumzike masaa 24 mfululizo, na muda wa ziada unalipwa mara moja na nusu, sikukuu za serikali mara mbili. Najua, najua, utasema Shangazi ukidai hayo yote hakuna askari atakayebaki na kazi Kampala nzima. Nchi ambayo kima cha chini cha mshahara kilichoandikwa bado ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, bei ya rolex mbili (zile chapati za mayai) na soda ndogo, siwezi kukudanganya kwamba itakuwa rahisi. Kwahiyo chagua vita. Anza na NSSF maana ina namba na hakuna mtu wa kubishana na namba. Ile ya siku ya kupumzika iweke ya pili.

Karamoja ni vitisho mpaka uone barua. Akirudia mwambie tu, “Afande, nipe uhamisho kwa maandishi nitaripoti.” Mtu wa kutisha kwa mdomo haandiki, anajua karatasi inatembea. Na hiyo chai iache, mwezi huu usitoe, kama atauliza mwambie mambo ni magumu, maana unamlisha mtu ambaye anatumia nguvu hiyohiyo kukutisha.

Wakikuachisha kweli, nenda kwa afisa wa kazi, yule watu wanamuita leba ofisa, kwa Kampala wanapatikana KCCA, ile mamlaka ya jiji, wilaya nyingine uliza makao makuu ya wilaya. Hauhitaji wakili. Lakini usikae nyumbani ukisikitika, malalamiko ya kuachishwa isivyo haki yanapelekwa ndani ya miezi 3. Usiporidhika na uamuzi wake kuna Mahakama ya Kazi ya kukata rufaa. Na usisahau kuwadai cheti cha utumishi, hiyo ni haki yako ukiomba, sio zawadi ya supavaiza na maneno yake mazuri.

*

Shangazi nina miaka 24, natoka Arua, nafanya kazi shamba la maua karibu na Entebbe, banda la kufungasha maua. Supavaiza wetu ananitumia meseji usiku, mwanzo zilikuwa za salamu, sasa ni za aibu. Aliniambia nafasi ya kuongoza laini iko wazi lakini lazima tuelewane. Nilipokaa kimya kanitoa kwenye meza ya kufunga kanipeleka chumba cha baridi na hakuna koti la kutosha. Wenzangu wanacheka wanasema kubali tu mambo yaishe. Naogopa kupoteza kazi, nasomesha wadogo zangu wawili. – Binti wa Maua

Binti yangu, pole. Na hao wanaocheka, wengine wao walipita hapohapo ndio maana wanacheka.

Hili sio la bosi mkali na wala sio la kuzoea. Sheria yetu ya kazi inalitaja wazi, mwenye mamlaka akikuomba mwili kwa ahadi ya cheo au kwa kukutishia, au akikusumbua kwa maneno na vitendo vya namna hiyo, amevunja sheria, na mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa awe na sera ya maandishi ya kuzuia mambo haya. Shamba la maua linapita hao 25 kabla hata ya kufika getini. Uganda pia imeridhia mkataba wa kimataifa wa kupinga unyanyasaji kazini, mwaka 2023, kwahiyo hawawezi kusema haya ni mambo ya Wazungu.

Usifute meseji. Hata zile zinazokutia kichefuchefu. Piga skrinshoti zinazoonyesha namba na tarehe, zitume kwa simu ya dada yako au mtu unayemwamini, simu inaweza kuibiwa au “kuanguka” majini. Halafu mjibu mara moja, moja tu, bila matusi: “Bosi naomba tuongee mambo ya kazi tu na saa za kazi tu, hizi meseji sizitaki.” Hiyo ni ili kesho asiseme alidhani umependa. Andika tarehe aliyokutoa mezani kukupeleka kwenye baridi na nani alikuwepo.

Kisha usiende kwa rafiki yake. Kama shamba lina chama cha wafanyakazi, tafuta mwakilishi wa chama, hasa kama ni mwanamke, mwende naye kwa meneja aliye juu ya huyo supavaiza na barua, nakala moja ubaki nayo ikiwa imegongwa muhuri au imesainiwa kwamba wameipokea. Wasipofanya kitu, leba ofisa anapokea malalamiko haya pia, na FIDA Uganda, wale mawakili wanawake ambao wapo tangu 1974, wanasaidia wanawake wasio na pesa ya wakili. Na akikugusa kwa nguvu, hapo usiandike barua kwanza, nenda hospitali na polisi siku hiyohiyo, barua itafuata.

Koti la chumba cha baridi lidai peke yake, kwa sauti, mbele ya watu. Hilo ni la usalama kazini na hakuna atakayekuuliza kwa nini.

*

Shangazi, mwenzangu wa meza ya pili ananikopa nauli ya boda kila Jumatatu, harudishi, na nikimnyima ananinunia wiki nzima. – Mbale

Mwache anune. Wiki moja ya kununiwa ni bei rahisi sana ukilinganisha na Jumatatu 52.

*

Shangazi mimi nina shida tofauti, mimi ndiye bosi. Nina miaka 26, nina diploma, nimewekwa kusimamia stoo ya mizigo hapa Busia. Wapakuaji wangu ni wazee, kiongozi wao ana miaka 58 na amekuwa hapo tangu mimi sijazaliwa. Nikiingia wanabadilisha lugha wanaongea Kisamia wanacheka. Wananiita “kijana”. Wiki 2 zilizopita lori la sementi lilichelewa kushushwa nikamfokea yule mzee mbele ya dereva na watu wa forodha, tangu hapo kila lori linashushwa polepole kama wanabeba mayai. Mkubwa wangu ananiuliza mimi. Nimfukuze mmoja wengine waogope? – Kijana wa Busia

Angalau umeandika ukweli wote, wengine wangeificha ile sehemu ya kufoka.

Usimfukuze mtu. Kwanza kisheria hauna kosa la kumshika nalo, kushusha polepole utalithibitishaje, na mtu aliyekaa zaidi ya miaka 10 notisi yake ni miezi 3, mkubwa wako atakuuliza hizo pesa ulizipanga wapi. Pili, ukimfukuza yule mzee mizigo yote itajifunza kuvunjika.

Wewe umemvua nguo mzee mbele ya watu. Sementi ilichelewa, sawa, lakini ulimuuliza kwa nini? Mimi nilipokuwa kiwandani nilijifunza kwamba wapakuaji wakichelewa mara nyingi kuna jambo, ama lori limepangwa vibaya toka lilikotoka, ama mfuko umepasuka vumbi linawakaba, ama wameahidiwa chai ya saa nne na haijafika. Chai ya saa nne, mwanangu, usiicheke, nimeona mgomo ukianza kwa sababu ya sukari kwenye chai.

Na hiyo “kijana”, mbona inakuuma? Wewe ni kijana. Mimi nina karibu miaka 70 na ningekuita mtoto. Wakikuita kijana na mzigo ukashuka, shida iko wapi? Kisamia waache waongee, ni lugha yao na hapo ni kwao, jifunze hata salamu.

Lakini usiende upande mwingine ukawa mtu wa kuomba omba. Kuna vitu viwili vya kushikilia bila kucheka: hesabu ya mifuko inayoingia, na usalama, hakuna mtu chini ya lori wakati linasogea. Hivyo viwili hata akiwa babu yako unakaza. Mengine yote, wanashusha upande gani, nani anaanza, wanapumzika saa ngapi, muachie yule mzee apange maana anajua kuliko diploma yako.

Jumatatu fika mapema, kabla lori la kwanza halijafunguliwa. Mtafute yule mzee peke yake, sio mbele ya kundi, mwambie “Mulembe mzee, siku ile nilikosea kukufokea mbele ya watu.” Usiongeze “lakini na wewe”. Halafu muulize lori lile la sementi lilikuwa na shida gani, ukae kwenye mfuko hapo pembeni yake umsikilize mpaka amalize.